Pumzi Imetangulia, Kisigino Kiko Nyuma

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 47 na watoto watatu. Mwaka jana nilipimwa presha zahanati, ikasoma 148 kwa 94. Nikaambiwa nipunguze chumvi na nifanye mazoezi, nikaamua kukimbia kila siku. Nilipokuwa mwanafunzi nilikimbia mita 1500 mpaka nikafika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, kwa hiyo nilijua naweza. Nimeshaanza mara tatu. Kila mara naenda vizuri kama wiki saba, bila kukosa hata siku moja, halafu kisigino cha kulia kinaanza kuuma kwa nyuma, hasa asubuhi nikishuka kitandani. Napumzika wiki moja, wiki inakuwa mwezi, basi nimeacha. Mume wangu anasema umri umekwenda, nitembee tu. Wenzangu shuleni wamejiandikisha kilomita 21 za Moshi na nilitamani sana kwenda nao. Je, ni kweli umri umenipita? Na nifanyeje nisiache tena?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye zile wiki saba.

Mtu mvivu haachi kwa ratiba. Leo ataacha siku ya tatu, safari nyingine wiki ya kumi, nyingine hata kiatu havai. Wewe umeacha mara tatu, na mara zote ni mahali palepale. Mtu akijikwaa mara tatu sehemu ileile, hatuanzi kumsema miguu yake, tunaangalia kisiki. Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka zaidi ya 30, na kisiki hiki cha wiki ya sita hadi ya nane nimekiona kwa watu wa umri wako kuliko kwa watu wa umri mwingine wowote. Nami mwenyewe nilikikuta nilipokuwa na miaka 50, na kwa kuwa nilijiona mjuzi, nilikipanda kwa nguvu nikakaa nje miezi mitano. Kwa hiyo hili ninalokuandikia nimelilipia.

Ukianza kukimbia, mwili haubadiliki wote kwa pamoja. Damu na moyo ndivyo vya kwanza kuitika. Ndani ya wiki mbili tu maji ya damu yanaongezeka, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kufikia wiki ya tano misuli nayo imejifunza kutumia hewa vizuri zaidi. Ndiyo maana kilima kilichokutoa jasho mwezi wa kwanza, mwezi wa pili unakipanda huku unahesabu mambo yako mengine. Hapo mtu hujisemea: "Sasa niko fiti." Anaongeza dakika, anaongeza kasi. Lakini kano, yaani ile kamba nene inayounganisha msuli na mfupa, haipati damu nyingi kama msuli na hujijenga polepole. Inahitaji miezi. Kwa mtu wa miaka 47 inahitaji muda mrefu zaidi kuliko binti wa miaka 18, na kwa mwanamke ambaye homoni ya estrojeni imeanza kupungua, zaidi tena. Basi ikifika wiki ya saba pumzi iko mbele sana na kano iko nyuma sana, na anayeamua mwendo ni pumzi. Kano ya kisigino ndiyo inayobeba tofauti hiyo.

Tena kuna jambo ambalo mkimbiaji wa UMISSETA analo na mtu asiyewahi kukimbia hana: kumbukumbu. Miguu yako inakumbuka mita 1500. Ukitoka nje alfajiri kukiwa na ubaridi kutoka Uluguru, mwili unataka kurudi kwenye mwendo ule wa zamani. Mwanzoni kasi hiyo inakuja bila shida, na ndipo hatari ilipo. Nawahudumia watu wengi waliokuwa wanamichezo shuleni, na wao ndio wanaoumia mapema kuliko waliokuwa wakikaa chini ya mwembe kuangalia wenzao.

Umri umekupita? Hapana. Umri una bei yake, sikufichi. Uwezo wa mwili kutumia hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka 10 baada ya miaka ya 30, na anayeendelea na mazoezi hupoteza kidogo kuliko anayekaa. Ila kupungua ni jambo moja na kwisha ni jambo jingine. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kanada, Ed Whitlock. Alikimbia ujana wake Uingereza, akaacha miaka mingi, akarudi kwenye mbio akiwa na miaka ya 40, kama wewe. Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 59 na sekunde 10, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 73, akaishusha hadi saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mazoezi yake yalikuwa kuzunguka makaburi ya mji wake wa Milton, taratibu sana, muda mrefu. Alipoumia alikaa miezi bila kukimbia, na alipopona alianza chini kabisa. Sikuambii ufuate saa zake, wala huo muda mrefu. Nataka uone ule mwendo wa taratibu, na ule moyo wa kukubali kuanza chini.

Sasa nikueleze huo mwendo wa taratibu, maana hapa ndipo ninapogombana na karibu kila anayekuja kwangu. Kila mtu anasema anakimbia taratibu, na karibu kila mtu anadanganyika.

Wewe ni mwalimu, mchakamchaka unaujua. Umekimbia mchakamchaka kama mwanafunzi na huenda umeusimamia. Kiongozi anaimba, wengine wanaitikia, na kundi zima linakwenda kwa mguu mmoja. Hakuna mchakamchaka ambao watu wameshindwa kuitikia kwa sababu ya kuhema, kwa kuwa wakishindwa kuitikia wimbo unakufa na kundi linavunjika. Mwendo ule ndio mwendo wako. Hauhitaji saa ya mkononi ya kuhesabu mapigo. Imba mstari mmoja wa wimbo wowote kwa sauti, kaswida, pambio, chochote. Ukiumaliza bila kukata pumzi katikati, uko sawa. Ukiukata, punguza, hata ikibidi utembee. Kwa anayependa namba, kwa miaka 47 kiwango cha juu cha mapigo ni karibu 175 kwa dakika, na mwendo rahisi huangukia kati ya 115 na 130. Lakini kama daktari amekuanzishia dawa ya presha ya aina ya atenololi, mapigo yatakuwa chini kuliko kawaida na hesabu hiyo itakupotosha. Wimbo haupotoshi.

Najua utaona aibu. Utapitwa na vijana, na bodaboda atakuuliza, "Mama, nikupakie?" Vumilia. Ukifika Iten au Kaptagat, kule Kenya, alfajiri, utawaona wanaume na wanawake waliokimbia marathoni za dunia wakianza mazoezi kwa mwendo ambao wewe na mimi tungeweza kwenda nao dakika za mwanzo. Wana siku za kasi, ndiyo, na siku hizo ni za kasi kwelikweli. Siku zilizobaki wanazilinda zisigeuke mashindano.

Tuje kwenye "kila siku". Umesema hukukosa hata siku moja, umelisema kwa fahari, nami nakuheshimu kwa hilo. Lakini kano ina ratiba yake. Baada ya kubeba mzigo wa kukimbia, kwanza inabomoka kidogo ndani, kisha ndipo inajijenga kuwa imara kuliko ilivyokuwa. Kwa saa 24 hadi 36 za mwanzo ubomokaji ndio unaoongoza. Ukikimbia Jumatatu alfajiri, Jumanne alfajiri ukarudi tena, umeikuta bado inabomoka, ukaibomoa zaidi. Mwili wa miaka 18 unasamehe haraka. Wa kwetu unaandika deni.

Kwa hiyo ninakuomba utenganishe mambo mawili ambayo umeyafunga pamoja: kutoka na kukimbia. Kutoka iwe kila siku. Kukimbia iwe siku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Siku zilizobaki unatoka saa ileile, umevaa raba zilezile, unapita njia ileile, ila unatembea. Tabia haikai kwenye kilomita. Inakaa kwenye ile saa, kwenye kufungua mlango, kwenye viatu vilivyowekwa karibu na kitanda tangu usiku. Ukiilinda saa, siku kisigino kikikataa kukimbia, tabia bado iko hai, kwa sababu ulitoka. Ndicho ulichokikosa mara zote tatu: kisigino kilipouma, ulisimamisha kukimbia, na kwa kuwa kukimbia na kutoka vilikuwa kitu kimoja, vyote viwili vikafa siku moja. Jumatatu iliyofuata hapakuwa na kitu cha kukuamsha.

Kuna watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliofuatilia watu 96 wakijijengea tabia mpya, kazi iliyochapishwa na Phillippa Lally na wenzake mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo lianze kufanyika bila kujilazimisha, na tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Nakuomba ushike mambo mawili hapo. Siku 66 ni wiki tisa na kidogo, na wewe umekuwa ukianguka wiki ya saba, yaani unaondoka njiani mzigo ukiwa karibu kuwa mwepesi. Pili, waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Siku moja ya msiba, ya mtihani, ya mtoto mwenye homa, haikurudishi mwanzo. Kwa uzoefu wangu, kinachoua ni siku ya pili mfululizo, maana siku ya tatu huja yenyewe. Basi ukikosa leo, kesho toka hata kama ni dakika 10 za kutembea hadi dukani na kurudi.

Na dakika 10 usizidharau. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia watu zaidi ya 55,000 kwa wastani wa miaka 15, ulikuta kwamba hata waliokimbia dakika 5 hadi 10 kwa siku, tena taratibu, walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa maradhi ya moyo kuliko wasiokimbia kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi mazito. Ukitoka dakika 30 kila siku kwa mchanganyiko niliokueleza, umezivuka.

Kuna mwanamume anayetajwa kila mara watu wakizungumzia kukimbia kila siku, Ron Hill wa Uingereza, aliyeshinda marathoni ya Boston mwaka 1970. Alikimbia kila siku, angalau maili moja, tangu Desemba 1964 hadi Januari 2017, miaka 52 na zaidi. Wengi husimulia miaka hiyo 52. Mimi huwasimulia wagonjwa wangu siku ya mwisho: alitoka kukimbia, akahisi maumivu ya moyo akiwa hajaenda hata nusu kilomita, akamaliza maili yake kwa shida, kisha akaamua kusimamisha kila kitu kwa ajili ya afya yake na familia yake. Kama mtu mwenye rekodi ya miaka 52 aliweza kuiweka chini kwa sababu ya kifua, wewe na mimi hatuna rekodi ya kutuzuia kusimama. Na wewe usimalize hata hiyo maili. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkono au taya, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, kukosa hewa kusikolingana na mwendo: simama hapo hapo, kaa chini, upelekwe hospitali. Usisubiri hadi jioni uone.

Hilo linatuleta kwenye presha. Kipimo kimoja cha 148 kwa 94 hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, lakini kinatosha kumtaka arudi. Je, ulirudi? Hukusema. Kabla hujaanza mara ya nne, pima siku tatu tofauti, umekaa kimya dakika tano, mkono umeegemea meza, hujanywa kahawa wala chai ya rangi muda mfupi uliopita. Ukikuta 180 kwa 110 au zaidi, usikimbie mpaka umeonana na daktari. Ukiwa na ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya uzee, mwambie daktari, aamue kama upimwe umeme wa moyo. Mazoezi ya namba hii yakiendelea kwa miezi hushusha ile namba ya juu ya presha kwa kiasi cha pointi 5 hadi 8 kwa mtu ambaye presha yake iko juu. Ni msaada mkubwa, lakini kama umepewa dawa, mwenye kuipunguza ni daktari. Usiiache kwa kuwa umejisikia mwepesi.

Kisigino. Kwa maelezo yako, maumivu ya nyuma, yanayozidi asubuhi ukishuka kitandani, hiyo ni kano ya kisigino iliyochoka, ile inayoshuka kutoka kwenye msuli wa shavu la mguu. Ibonye kwa vidole viwili, sentimita chache juu ya mfupa. Ikiuma hapo, ndiyo yenyewe. Ikiuma chini kabisa ya unyayo ni ugonjwa mwingine na tiba yake inatofautiana kidogo. Na kama siku moja utasikia kitu kimekatika kama umepigwa na jiwe kwa nyuma, na ukashindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo, nenda hospitali siku hiyohiyo, kano imekatika.

Mapumziko hayaiponyi kano. Maumivu yanaondoka, ndiyo, lakini kano inabaki dhaifu kama ulivyoiacha au zaidi, na ukirudi inakukumbusha. Kano inapona kwa kubebeshwa mzigo wa polepole. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, alichapisha matokeo ya watu 15 waliokuwa na maumivu sugu ya kano hii: kwa wiki 12 walisimama kwenye ngazi na kushusha kisigino polepole, mara 15 kwa mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, kisha vilevile goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Wote 15 walirudi kukimbia. Tangu hapo tumejifunza njia nyingine pia, na si lazima ufike wingi ule. Wewe anza hivi: shika ukuta, panda kwa vidole vya miguu yote miwili ukihesabu hadi tatu, shuka ukihesabu hadi tatu, mara 15, mizunguko mitatu, mara moja kwa siku. Fanya jioni ukisubiri wali ukauke, jikoni hapohapo. Baada ya wiki mbili, panda kwa miguu miwili, shuka kwa wa kulia peke yake. Baada ya wiki nne, hamia ukingo wa ngazi. Ikikuwa rahisi, vaa begi mgongoni lenye madaftari ya wanafunzi, ambayo najua hayakosekani nyumbani kwako.

Itauma kidogo, na hapa wengi huogopa wakaacha. Maumivu ya 3 au 4 kati ya 10 yanaruhusiwa wakati wa zoezi na wakati wa kukimbia. Mwamuzi ni kesho yake asubuhi. Ukishuka kitandani na kisigino kiko kama jana, ulichofanya kilikuwa sawa. Kikiwa kigumu kuliko jana, punguza nusu. Nakusihi uandike kwenye daftari namba moja tu kila asubuhi, hiyo ya hatua za kwanza. Baada ya mwezi daftari hilo litakuambia mambo ambayo mimi siwezi kukuambia nikiwa mbali.

Mambo mawili ya duka la dawa. Diklofenaki na ndugu zake, kama ibuprofeni, ndizo watu hukimbilia kisigino kikiuma. Dawa hizo hupandisha presha, na kwa mtu mwenye 148 sitaki azimeze kila siku ili apate kukimbia. La pili ni sipro, ambayo kwetu hununuliwa kama peremende kila mtu akisikia mkojo unaunguza. Jamii hiyo ya viuavijasumu ina athari inayojulikana ya kudhoofisha kano, hasa hii ya kisigino. Kama uliimeza karibu na mojawapo ya zile mara tatu, mwambie daktari wako, na siku nyingine akitaka kukuandikia dawa hiyo, umwambie pia kwamba unakimbia.

Sasa mambo yetu wanawake, ambayo hukuyauliza na ambayo nadhani yamo. Kwa miaka 47 hedhi huanza kuyumba. Kama inatoka nyingi kuliko zamani, na umekuwa ukichoka kwa namna isiyoelezeka, pima wingi wa damu kabla ya kujilaumu kwa uzembe. Na kama mkojo unakuponyoka unapokimbia au kukohoa, usinyamaze wala usiache kunywa maji. Baada ya watoto watatu ni jambo la kawaida sana, na linatibika. Kaza misuli ile unayoikaza kuzuia mkojo, shikilia hesabu ya 5 hadi 10, achia kabisa, rudia mara 10, mara tatu kwa siku, miezi mitatu bila kuruka. Wanawake wengi niliowahudumia waliacha kukimbia kwa sababu hii na wakasingizia magoti.

Nikiyataja magoti: shemeji akikuambia yatasagika, mjibu kwa heshima kwamba uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kusagika kwa magoti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa ajili ya afya, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Waliokuwa juu zaidi ni wale wa mashindano makubwa. Sisi hatupo huko. Kisha mwombe akusindikize siku za kutembea. Nina maana hasa, kwa kuwa naogopa giza la alfajiri kuliko ninavyoogopa magoti.

Maana ratiba yako inakubana. Mwalimu anatakiwa shuleni mapema, kwa hiyo alfajiri ungetoka giza halijaisha, na mwanamke peke yake barabarani saa hiyo, na mbwa, na pikipiki zisizo na taa, sikushauri. Kama hupati mwenzako wa uhakika, hamia jioni. Uwanja wa shule baada ya vipindi, jua likishaanza kulegea, ni mahali pazuri: udongo ni laini kuliko lami, hakuna magari, na hauna ule mteremko wa pembeni mwa barabara unaoulemea mguu mmoja. Tena unakuwa umeshafika, huhitaji nguvu ya kutoka nyumbani. Weka raba kabatini ofisini. Kengele ya mwisho ikilia, viatu vya kazi vinatoka, raba zinaingia, kabla hujakaa. Ukikaa tu, umekwisha. Wiki za mwanzo epuka vilima vya kuelekea Bigwa, maana kupanda mlima kunaivuta kano ile ile.

Raba za mtumba si dhambi, mimi mwenyewe nimekimbia nazo miaka. Zibonye soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, zimekufa hata kama juu zinang'aa. Ziweke mezani uziangalie kwa nyuma, zisiwe zimelala upande mmoja. Na kwa kisigino chako, kwa sasa usichukue zile bapa kabisa, chukua zenye kisigino kilichonyanyuka kidogo.

Wiki mbili za kwanza, zile siku tatu za kukimbia, kimbia dakika moja tembea mbili, mara kumi. Najua ni aibu kwa mtu wa UMISSETA. Wiki ya tatu na ya nne, dakika mbili kwa mbili. Wiki ya tano, tatu kwa moja. Kisha fika wiki ya sita, na hapa nakuomba unisikilize kuliko mahali pengine popote: wiki ya sita, ya saba na ya nane usiongeze kitu. Utajisikia una mabawa. Pumzi itakuita. Baki palepale pa wiki ya tano, uiache kano ifike. Wiki ya tisa ndipo uendelee, na kufikia wiki ya 12 au 14 utakuwa unakimbia dakika 30 bila kusimama, huku unaimba.

Na Moshi? Kilomita 21 za mwaka huu waachie wenzako. Mbio zile zipo tangu mwaka 2003 na hufanyika kila mwaka karibu na mwisho wa Februari, hazitakukimbia. Panda basi pamoja nao, jiandikishe zile za kilomita 5, ukimbie mchakamchaka, kisha usimame pembeni uwasubiri wenzako. Mimi naishi hukuhuku Moshi, tutakunywa chai.

Kabla ya hapo niandikie mara moja tu, mwisho wa wiki ya nane, pamoja na namba za asubuhi za daftari lako.